Kumteremsha Mtoto Mchanga Ufukweni: Kutoka Tunduma hadi Ziwa Nyasa

Mji wa Tunduma, ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia katika Mkoa wa Songwe, umejengwa katika uwanda wenye mwinuko unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ufukwe wa Matema, ulio kaskazini mwa Ziwa Nyasa katika Wilaya ya Kyela, upo katika mwinuko wa mita 500 hivi tu. Kwa hiyo familia inayosafiri kwa basi kupitia Vwawa, Mbeya na Tukuyu ili kupumzika ziwani au kuwaona jamaa huteremka kiasi cha mita 1,000 na zaidi. Mtu mzima huvua koti, akafuta jasho, akaendelea na shughuli zake. Mtoto mchanga ana mwili wa namna nyingine. Makala haya yanaeleza jinsi joto, jua, maji na mbu wa ziwani vinavyomfikia.

Joto

Kwa kila mita 1,000 za kuteremka, hewa huongezeka joto kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi. Sasa tufikirie chai. Iliyomo kikombeni hupoa kabla ya ile iliyobaki katika birika, kwa kuwa kitu kidogo kina eneo kubwa la nje kikilinganishwa na uzito wake. Kwa sababu hiyo hiyo kitu kidogo hupata joto upesi. Kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto aliyezaliwa karibuni ana ngozi mara mbili hadi tatu ya ile ya mtu mzima, ilhali uwezo wake wa kutoa jasho haujakomaa.

Ndiyo maana sweta, kofia ya sufu na blanketi vilivyomfaa alfajiri Tunduma vyaweza kumdhuru adhuhuri Kyela, hasa akiwa amefungwa mgongoni mwa mama. Nguo zipunguzwe kadiri gari linavyoteremka. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa hata penye joto: maziwa ya mama, ambayo takriban asilimia 87 ni maji, yamtosha, mradi anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Mkojo ukipungua, mdomo ukikauka au utosi ukibonyea, mtoto amepungukiwa maji na apelekwe kwa mganga bila kukawia.

Jua

Wengi hudhani kwamba jua la ziwani ni kali kuliko la nyumbani. Kwa upande wa miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho na inayounguza ngozi, mwinuko hufanya kinyume: miale hiyo huongezeka kwa asilimia 10 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Tunduma upepo wa baridi huificha, na nguo nzito humkinga mtoto. Ufukweni nguo huvuliwa, na mchanga nao hurudisha sehemu ya miale, hivi kwamba humfikia mtoto hata akiwa kivulini.

Ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba, na rangi yake ya asili ya kujikinga, melanini, haijakamilika. Mtoto mwenye ualbino hana kinga hiyo, au anayo kidogo mno. Kinga bora ni kivuli cha mti, kofia pana na nguo nyepesi ya mikono mirefu, na kuepuka jua tangu saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Asifunikwe gubigubi kwa kanga nzito, maana hewa ya ndani hupata joto haraka.

Maji

Maji ya ziwa yenye nyuzi 26 ni vuguvugu kwa mtu mzima. Lakini maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa, na mwili mdogo hupoa upesi. Mtoto mchanga pia hawezi kutetemeka vizuri ili ajipatie joto. Inafaa aogeshwe ndani ya beseni, kwa muda mfupi. Maji yaliyotulia penye majani na konokono yaepukwe kwa sababu ya kichocho. Tena asiachwe peke yake hata kidogo: sentimeta 5 za maji zatosha kumzamisha, naye huzama kimya.

Mbu

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haionekani siku ya matembezi. Vimelea vya malaria kali, vikishaingia mwilini mwa mbu, huhitaji muda wa kukomaa kabla ya kuambukiza tena. Katika joto la nyuzi 25 huhitaji siku 12 hivi. Katika nyuzi 20 huhitaji takriban siku 28, na mbu wengi hufa kabla ya siku hizo. Kwa hiyo malaria ni chache katika nyanda za baridi, lakini hustawi Kyela penye joto na mashamba ya mpunga, kama vile katika bonde la Ziwa Rukwa.

Mama humpa mtoto aliye tumboni kinga dhidi ya magonjwa ambayo mwili wake mwenyewe umekwisha kukutana nayo. Mama aliyekulia uwandani ana kinga chache za malaria za kumrithisha. Chandarua chenye dawa kichukuliwe kutoka nyumbani, na mtoto aingizwe humo tangu magharibi hadi alfajiri.

Baada ya kuumwa na mbu, homa kwa kawaida hutokea kati ya siku ya 7 na ya 14, na pengine baadaye. Wakati huo familia imekwisha kurudi Tunduma, na ni rahisi kudhani kwamba mtoto anaota meno au amepata mafua ya baridi. Malaria ya namna hii yaweza kuwa mahututi ndani ya saa 24. Mtoto apatapo homa katika majuma yanayofuata safari, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na mzazi aanze kwa kutaja kwamba walikuwa ziwani na lini, ili damu ipimwe mara moja.