Waziri Mkuu ni wa nani?

Mpiga kura wa Ntalikwa, kama wa kata nyingine za Manispaa ya Tabora, hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Waziri Mkuu hamo. Huyo huteuliwa na Rais miongoni mwa wabunge wa majimbo, Bunge likamthibitisha, na kwa Ibara ya 53A ya Katiba Bunge hilohilo laweza kumng'oa kwa kura ya kutokuwa na imani naye. Muundo huu wa wakuu wawili wataalamu huuita nusu-urais, na ulienea sana Ulaya Mashariki ukomunisti ulipoanguka. Kule haukuchukua sura moja. Poland, baada ya Lech Wałęsa kuvutana na mawaziri wakuu na kushindwa uchaguzi wa 1995, ilimpunguzia rais madaraka kwa katiba ya 1997. Urusi, Boris Yeltsin alilipiga bunge mizinga mwaka 1993, na kabla mwaka haujaisha akapata katiba ya kumpa rais rungu. Katiba ilimfuata mshindi wa ugomvi.

Tanzania haikuwa ya kikomunisti, na anayesema hivyo hakosei. Lakini mwaka 1975 katiba ilitamka kwamba chama ndicho chenye kauli ya mwisho, kikashika hatamu, serikali ikabaki mtekelezaji. Undugu wetu na nchi hizo uko hapo. Tulichokosa ni ugomvi wenyewe. Vyama vingi viliporudi 1992, Rais Mwinyi alikuwa pia mwenyekiti wa CCM na wabunge wote walikuwa wa CCM, kwa hiyo Waziri Mkuu hakuwa na ngome yake mwenyewe ya kumtetea, wala Bunge halikuwa na sababu ya kumdai kuwa wake.

Watakaopinga watataja Februari 2008, Waziri Mkuu Edward Lowassa alipojiuzulu kwa ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, na Baraza la Mawaziri likavunjika. Hoja ni nzito. Hata hivyo aliondoka kabla ya kura yoyote, na mrithi wake, Mizengo Pinda, alitoka kwenye chama kilekile. Mwaka 2012 mbunge Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge dhidi ya Pinda. Rais Kikwete akabadilisha mawaziri, Pinda akabaki. Bunge lilitisha, Rais akaamua nani aende. Ibara ya 51 inamtaka Rais ateue Waziri Mkuu kutoka chama chenye wabunge wengi, hata kama si chake. Sharti hilo halijawahi kumbana rais yeyote.