Habari za Bure Zina Bei Gani?

Tangu Nation Media Group ya Kenya ilipozindua Nation.Africa mwezi Agosti 2020, kisha ikaanza kutoza ada Februari 2021, wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kukutana na fomu kabla ya habari: jina, barua pepe, pengine namba ya simu. Fomu haina bei iliyoandikwa, ndiyo maana tunaijaza bila kuipima. Kwangu mimi hiyo ni gharama kama gharama nyingine.

Gazeti la karatasi linauma mfukoni ukilinunua kila siku. Lakini muuzaji hakuulizi jina, wala hakuna ajuaye kama ulianzia michezo au makala ya dawa za kufubaza virusi. BBC Swahili na DW Kiswahili husomwa bila akaunti. Unalipia bando tu. Upungufu wake ni kwamba habari za kaunti au wilaya yako ni nadra kuzikuta huko.

Akaunti ya bure ndiyo inayonitia wasiwasi. Ukishaingia, kila makala unayofungua yaweza kuhifadhiwa chini ya jina lako: talaka, madeni, ugonjwa, siasa. Dirisha la faragha la kivinjari halikufichi hapo, kwa kuwa umejitambulisha mwenyewe. Kuingia kwa akaunti ya Google kunakuepusha na nywila nyingine ya kukariri, ila mchapishaji anapata jina, anwani ya barua pepe na picha yako, na Google nayo inajua umejiunga wapi. Wengi hudhani wakilipa ada wameacha kulipa kwa taarifa zao. Sivyo. Malipo ya simu yanaweza kuongeza namba yako kwenye kumbukumbu ileile.

Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo. Ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa zako zinatumikaje na kuomba zisizohitajika tena zifutwe. Tanzania ilipitisha yake mwaka 2022. Itumie, mwandikie mchapishaji barua.

Kwa habari za jumla, soma pasipodai akaunti. Kama gazeti fulani huliachi hata siku moja, lipa ada, fungua barua pepe ya kazi hiyo tu, na namba ya simu usiiandike isipokuwa ni ya lazima. Ukitaka kusoma jambo linalogusa siri yako, nunua karatasi.