Matairi ya Theluji Kwenye Jua la Dar

Anayenunua gari lililotumika kutoka Japani huanza na injini. Huiwasha, akaisikiliza, akafunua mfuniko wa oili na kunusa. Hutazama kilomita, huku moyoni akiwa na shaka nazo. Hupima kiyoyozi, huchungulia chini kama kuna kutu. Matairi huyafikia mwishoni, amekwisha kuchoka na jua la yadi, na akiona mifereji bado mirefu husema, "Matairi mapya haya," kisha mazungumzo yanarudi kwenye bei.

Mpenzi wa magari aliyekomaa huchuchumaa kwanza. Anatafuta neno moja ubavuni: STUDLESS. Akiliona, anajua kwamba mifereji ile mirefu si neema aliyoidhania mnunuzi. Tairi hilo lilitengenezwa kwa ajili ya barafu, kwa majira ya baridi ya Hokkaido na mikoa mingine ya kaskazini ya Japani, na sasa limeshuka bandarini Dar es Salaam au Mombasa likisubiri kuanza maisha kwenye lami inayochemka.

Asili yake ina kisa. Hadi miaka ya 1980, Wajapani wa mikoa yenye theluji walitumia matairi yenye vipande vya chuma vilivyochomoza kama misumari ili yasiteleze. Yalishika vizuri, lakini theluji ilipoyeyuka misumari ile ilisaga lami, na vumbi lake likajaa katika miji kama Sendai na Sapporo. Kelele za wananchi zikazaa sheria mwaka 1990, na matairi ya misumari yakaondolewa barabarani. Viwanda navyo vilikuwa vimejiandaa. Bridgestone, kwa mfano, iliingiza sokoni matairi yake ya Blizzak mwaka 1988. Badala ya chuma, matairi ya aina hii hutumia mpira laini sana, wenye mikato mingi myembamba, ambao haukakamai hata baridi ikiwa kali.

Ulaini huo ndio tatizo lake huku kwetu. Mpira wa tairi la baridi umekusudiwa kufanya kazi pale joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Ukiupeleka kwenye lami ya Dar es Salaam saa nane mchana, unalegea kupita kiasi. Gari linayumba kidogo kwenye kona, usukani unakuwa mzito wa kuitikia, breki inahitaji nafasi ndefu zaidi, na ile mifereji iliyomfurahisha mnunuzi inaisha upesi kuliko alivyotarajia. Dereva wa mjini anayetembea taratibu huenda asigundue lolote kwa miezi. Atagundua siku atakapofunga breki kwa ghafla barabara kuu, mvua ikinyesha.

Wanaokwenda Naivasha kutazama Safari Rally wanalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Tangu mashindano hayo yarudi kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, misafara ya magari kutoka Nairobi, mengi yake Subaru, imekuwa sehemu ya sherehe. Kambini mwa timu, swali la kila asubuhi ni tairi gumu au laini. Miaka ya kwanza Pirelli ndiyo iliyokuwa ikiwapa madereva wote matairi ya aina hizo mbili: gumu kwa mawe makali na jua, laini kwa matope na utelezi. Kuchagua hakumalizi kazi, kwa sababu mawe ya Bonde la Ufa hayajali bingwa. Mwaka 2022 pancha ilimwondoa Sébastien Ogier katika mbio za ushindi; akamaliza wa nne, na Kalle Rovanperä akaondoka na kombe.

Mwenye gari la kawaida kama Premio hana timu ya mafundi wala mtabiri wa hali ya hewa. Alicho nacho ni maandishi ya ubavuni, na hayo yanatosha kabisa kwa anayeyasoma. Chukua 195/65 R15 91H, saizi ya kawaida kwa magari madogo ya familia. Upana wa tairi ni milimita 195. Kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 127. Rimu ni ya inchi 15. Namba 91 ni uwezo wa kubeba, kilo 615 kwa tairi moja likiwa limejazwa upepo sawasawa, na H ni mwendo wa juu wa kilomita 210 kwa saa. Herufi T ingekuwa 190, V ingekuwa 240.

Wauzaji wengi hutaja upana na rimu tu. Namba ya uzito hainadiwi, wala mnunuzi haiulizi, ilhali kwa gari linalobeba magunia ya viazi au abiria waliobanana ndiyo ya kuulizwa kwanza. Magari ya kazi hutoka kiwandani na matairi yenye ubavu ulioimarishwa. Ukimvisha Probox tairi la gari dogo la kifahari kwa sababu tu saizi inaingia, kisha ukampakia mzigo wa sokoni, umelitwisha tairi kazi ambayo halikuajiriwa kuifanya.

Kisha kuna suala la rimu kubwa, ugonjwa mtamu wa wapenzi wa magari. Mtu anatoa rimu za inchi 15 anaweka za 17, gari linasimama vizuri, picha zinapendeza. Kihesabu inawezekana bila kuharibu kitu: 225/45 R17 ina kimo karibu sawa kabisa na 195/65 R15, kwa hiyo hata kipima mwendo hakidanganyiki. Kinachobadilika ni ubavu. Kutoka milimita 127 unashuka hadi 101. Milimita hizo 26 zilizopotea ndizo zilizokuwa zikimeza shimo la barabarani na tuta lisilo na alama. Zikiondoka, pigo linakwenda kwenye rimu, kutoka hapo kwenye shokapu na bushi. Rimu zilizopinda na matairi yaliyotoka uvimbe ubavuni ni mambo ya kila siku kwa mafundi wa matairi, na mara nyingi uvimbe huo ni nyuzi za ndani zilizokatika. Hauzibwi. Tairi lenye uvimbe huondolewa, hata kama lilinunuliwa wiki iliyopita.

Umri ni habari nyingine iliyoandikwa na kusahaulika. Baada ya herufi DOT huwa kuna mfululizo wa alama, na tarakimu nne za mwisho ndizo tarehe ya kuzaliwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotumika. Hewa, joto na jua huukausha na kuukakamaza kutoka ndani, na nyufa ndogo zinazoonekana ubavuni huwa zimechelewa kutoa taarifa. Watengenezaji kadhaa wa magari hushauri matairi yabadilishwe yakifika miaka 6. Makampuni ya matairi kama Michelin na Continental huweka kikomo cha miaka 10 kwa hali yoyote.

Mashabiki wa filamu za Fast and Furious wanamkumbuka Paul Walker. Alifariki tarehe 30 Novemba 2013 huko Santa Clarita, California, akiwa abiria kwenye Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake, ambaye naye alikufa. Wachunguzi walisema chanzo kilikuwa mwendo: gari lilikuwa likienda kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali penye kikomo cha kilomita 72. Lakini taarifa yao ilitaja pia kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka 9, na kwamba umri huo huenda ulipunguza uwezo wa gari kushika barabara. Gari lile lilikuwa limetembea kidogo mno.

Ndiyo maana matairi ya mtumba yanahitaji macho makali. Yapo yanayofaa, na kwa bei ya tairi jipya si haki kumcheka anayeyanunua. Hila ni mbili. Ya kwanza ni dawa ya kung'arisha, inayolifanya tairi la mwaka 2012 lionekane la jana. Ya pili ni kuchonga: fundi anachukua chuma cha moto na kukata mifereji mipya kwenye tairi lililokwisha kuwa kipara. Matairi ya malori yenye neno REGROOVABLE ubavuni yana mpira wa ziada kwa kazi hiyo. Tairi la gari dogo halina; chini ya mfereji uliochongwa kumebaki utando mwembamba, kisha waya. Njia rahisi ya kumnasa mchongaji ni kutafuta vile vijukwaa vidogo vya mpira vilivyo ndani ya mifereji ya asili, ambavyo huonyesha kwamba umebaki milimita 1.6 tu. Mfereji uliochongwa kwa mkono huvikata au hauna kabisa.

Zamani mnunuzi angalau alijua kiwanda kilipo. General Tyre ilitengeneza matairi Arusha hadi mwishoni mwa miaka ya 2000, na kiwanda cha Nairobi kilichoanza kama Firestone na baadaye kutoa matairi ya Yana kilisimamisha uzalishaji mwaka 2016, kikilemewa na bidhaa za bei nafuu kutoka nje. Sasa tairi hupanda meli kabla ya kufika dukani, na hakuna ajuaye lilikaa ghala gani, kwa muda gani. Tarakimu nne tu ndizo zinazosema.

Hata tairi bora hufa kwa kukosa upepo. Tairi lililolegea hujikunja kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto huachanisha mpira na nyaya zake. Mwezi Agosti 2000, Firestone ilirudisha kiwandani matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya tabaka za juu kubanduka yakiwa mwendoni. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihusisha vifo 271 na matairi hayo. Ajali ziliandamana zaidi kwenye majimbo ya joto, kama Texas, Arizona na Florida. Ford ilikuwa ikishauri upepo wa psi 26, Firestone ikashikilia 30, na makampuni mawili yaliyofanya biashara pamoja kwa karibu karne nzima yakaachana mwaka uliofuata yakirushiana lawama. Ile taa ya njano kwenye dashibodi, yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao, ni matunda ya sheria iliyotungwa baada ya mkasa huo.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana taa hiyo. Yana kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, kikionyesha upepo wa mbele na wa nyuma, mara nyingi kwa kPa: 220 ni sawa na psi 32. Kipimo hicho ni cha tairi lililopoa, asubuhi kabla ya safari. Ukipima baada ya safari ya kutoka Chalinze utakuta namba iko juu, na ukitoa upepo ili "uirekebishe" utaamka kesho na tairi legevu. Vijana wa pampu nao wana desturi ya kujaza 35 au 40 kila gari bila kuuliza. Geji ndogo ya mfukoni humaliza ubishi huo kwa gharama ndogo kuliko pancha chache. Kuhusu naitrojeni inayouzwa vituoni, haina madhara, ila hewa ya kawaida tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Tairi lenyewe hueleza linavyoteswa. Likiliwa pande zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Likiliwa katikati, ulizidi. Likiliwa upande mmoja, alaimenti imeharibika, na kuweka tairi jipya bila kurekebisha ni kulipa mara mbili. Likiliwa kwa vishimo vishimo, pengine shokapu zimekufa. Kuzungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000 huyafanya yaishe pamoja. Na pale mfuko unaporuhusu mawili tu, madereva wengi huyafunga mapya mbele, kwa kuwa mbele ndiko kwenye usukani. Michelin na wengine wanashauri kinyume: mapya nyuma. Mbele kukiteleza dereva huhisi mikononi na kupunguza mwendo. Nyuma kukiteleza gari huzunguka kabla hajajua.

Kwa wenye Subaru hata mawili ni tatizo. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne linataka matairi yanayolingana, na Subaru hutaka tofauti ya mzunguko isizidi milimita 6 hivi. Tairi jipya lenye kina cha milimita 8 likikaa pamoja na la zamani lenye 3, mzunguko unatofautiana kwa takriban milimita 31. Difu ya katikati inafanya kazi ya kusawazisha tofauti hiyo safari nzima, ikipata moto. Kelele inapoanza, mwenye gari hulaumu gia, na fundi huanza kufungua mahali pasipohusika.

Limebaki moja, lile la kwenye buti. Likiwa jembamba, lenye maandishi yanayotaja kilomita 80 kwa saa, ni spea ya muda tu, inayotaka upepo wa kPa 420, karibu mara mbili ya wenzake, na iliyokusudiwa kukufikisha kwa fundi. Ingekuwa vyema kulitoa leo na kusoma tarakimu zake nne: kwenye gari la mwaka 2007 ambalo halijawahi kupata pancha kubwa, uwezekano ni mkubwa kwamba nalo ni la mwaka 2007.