Geuza Kijiko, Tazama Mgongo

Anayeanza kukusanya vijiko na uma za zamani za kuchovya fedha huvutiwa na nakshi za mpini. Mzoefu hukigeuza kijiko kwanza.

Chukua kijiko chenye muhuri wa "1847 Rogers Bros." Wengi hudhani kimetengenezwa mwaka 1847. Sivyo. Huo ni mwaka ambao ndugu watatu, William, Asa na Simeon Rogers, walianza kuuza vijiko vya kuchovya huko Hartford, Connecticut. Jina lao lilipovuma, wakajitokeza akina Rogers wengine sokoni. Mwaka 1862 jina hilo likaangukia mikononi mwa kampuni ya Meriden Britannia, na tarakimu zile zikawa nembo ya kujitofautisha na wenzake. Kijiko kilichotengenezwa karne iliyofuata kina muhuri huohuo. Umri wake utafute kwenye nakshi. Ile iitwayo Vintage, yenye vichala vya zabibu vilivyotuna hata ukifumba macho kidole kitavihesabu, ilitoka mwaka 1904.

Uchovyaji wenyewe ni wa umeme, kwa njia ambayo akina Elkington wa Birmingham waliipatia hataza mwaka 1840. Chini ya fedha, mara nyingi kuna mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Ukiona herufi EPNS, ujue ndivyo ilivyo, na muuzaji asikubebeshe bei ya fedha halisi.

Sasa shika kijiko kwenye mwanga na uangalie kitako chake, pale kinapogusa meza. Fedha huisha hapo kwanza. Doa lenye rangi ya manjano iliyofifia maana yake utando umekwisha. Kwenye uma, kagua ncha za meno. Holmes & Edwards walilijua tatizo hili, wakapachika vipande vya fedha sehemu hizohizo kabla ya kuchovya. Wajerumani wao hugonga namba: 90 ni gramu 90 za fedha kwa dazeni ya vijiko vya mezani na dazeni ya uma zake.

Weusi usikutishe, ni salfa tu, ya mayai au hata ya mpira uliofungia vijiko. Kinachonitisha mimi ni kijiko kinachong'aa kupita kiasi huku nakshi zake zimelainika, kwa sababu kila msuguo wa dawa huondoa fedha kidogo. Heri karatasi ya alumini, soda ya kuoka na maji ya moto: salfa huhamia kwenye alumini, fedha ikabaki mahali pake.

Herufi za jina la mwenyewe wa zamani hushusha bei. Kwangu hiyo ni nafuu, nami huzipenda. Visu ndivyo vya kuangalia sana: vingi vina mipini yenye uwazi ndani, na bapa zake zimeshikizwa kwa gundi. Usivitumbukize kwenye maji ya moto, wala usivitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo. Kitikise kisu kabla hujalipa. Kikilia ndani, kirudishe.