Jadak, mvamizi au mmiliki? Maneno yanayoamua kesi ya mahame

Msomaji mmoja wa Awasi, Kaunti ya Kisumu, ananiuliza: ukikaa kwenye ploti iliyoachwa na mwenyewe, miaka ikipita inakuwa yako? Swali ni la sheria, lakini ufunguo wake naupata katika maneno.

Tuanze na mahame. Nomino hii imetokana na kitenzi hama: ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama. Wajaluo hupaita gunda. Maneno yote mawili yanasema watu wameondoka. Hakuna linalosema ardhi haina mwenyewe. Magugu hayafuti jina kwenye hatimiliki.

Kinachoweza kulishinda jina hilo ni kukalia. Hebu tazama kauli ya kutendea: mtu hukaa Awasi, ila hukalia ploti ya mwenzake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 22 ya sheria za Kenya, mwenye ardhi asiyeshtaki kwa miaka 12 tangu ardhi yake ikaliwe hupoteza haki ya kuidai. Lakini ukaliaji huo sharti uwe wa wazi, usiokatika, usio wa mabavu wala wa ruhusa.

Hapo kwa ruhusa ndipo wengi hukwama. Katika Kijaluo, jadak ni mtu aliyekaribishwa kuishi kwenye ardhi ya wenyewe. Hata akiishi hapo miaka 40, hesabu haianzi maadamu ruhusa haijafutwa. Mpangaji vilevile. Ni ajabu, sivyo? Mgeni aliyebisha hodi hapati kitu. Aliyeingia bila hodi huenda akapata!

Hata hivyo, miaka 12 pekee haimfanyi mtu mmiliki. Chini ya kifungu cha 38 cha sheria hiyo, ni lazima aombe amri ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ili asajiliwe badala ya mwenye hati. Na ikiwa ardhi ni ya umma, asijisumbue: kifungu cha 41 kimeifungia nje.

Kwa hivyo ndugu yangu, kabla ya kutamka "yangu," nenda kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ujue ploti imeandikwa jina la nani. Kisha jiulize uliingiaje. Kama ulikaribishwa, wewe ni jadak, na neno hilo litakufuata hadi kortini.