Mlima Una Wenyewe: Ukienda Nyeri, Enda Kama Mgeni

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Popote apitapo huonekana upesi, na kila atendalo huangaliwa na macho mengi. Aghalabu msafiri hudhani kwamba ni yeye anayetazama, kumbe yeye ndiye anayetazamwa.

Kila likizo inapofika, barabara ya kutoka Nairobi kupitia Thika na Sagana hujaa magari ya watu wanaoelekea Karatina, Nyeri, Naro Moru na Nanyuki. Wengine huenda kupanda Mlima Kenya, wengine kuwaona wanyama, na wengine kubadilisha hewa tu pamoja na watoto. Hilo ni jambo jema. Nchi ni yetu sote, na si lazima mtu awe Mzungu mwenye kofia pana ndipo aitwe mtalii. Lakini kuwa Mkenya hakumfanyi mtu kuwa mwenyeji kila mahali. Mtu wa Kisumu au Mombasa akifika Nyeri ni mgeni, na mgeni ana wajibu wake.

Kisa cha mwaka 1899

Ili tuelewe hasara ya mgeni asiyefikiri, tukumbuke safari moja mashuhuri. Mwishoni mwa Julai 1899, Mwingereza Halford Mackinder, aliyekuwa akifundisha jiografia katika chuo kikuu cha Oxford, aliondoka Nairobi kwenda kuupanda mlima huu. Msafara wake ulikuwa na watu wapatao 170: Wazungu wachache, Waswahili zaidi ya 60, Wakikuyu karibu 100, na Wamasai wawili wa kuonyesha njia.

Wakati huo njaa kubwa ilikuwa imeivamia nchi. Hebu fikiria, msomaji, vinywa 170 vikibisha hodi katika vijiji ambavyo havina cha kuwapa hata watoto wao. Baadhi ya wapagazi walitoroka njiani, wengine wakaiba vijijini, na wakuu wa wenyeji wakaukasirikia msafara wote. Walipofika chini ya mlima mwezi wa Agosti hawakupata chakula. Watu wawili wa msafara waliuawa, na ikabidi msaada uitishwe kutoka Naivasha.

Tarehe 13 Septemba 1899 Mackinder alifika kileleni pamoja na viongozi wawili wa milima kutoka Italia, César Ollier na Joseph Brocherel. Vitabu vinakumbuka siku hiyo ya ushindi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba walioilipia ni wapagazi na wanavijiji. Ndivyo ilivyo hadi leo: mgeni akikosea, aghalabu anayeumia si yeye.

Isitoshe, vilele vilipewa majina ya wakuu wa dini wa Wamasai: Batian, wenye urefu wa mita 5,199, Nelion wa mita 5,188, na Lenana wa mita 4,985. Si majina mabaya. Lakini Wakikuyu, Waembu na Wameru wanaoishi miguuni pa mlima hawakuulizwa wao waliuitaje.

Hekalu lisilo na kuta

Wakikuyu huuita Kirinyaga, na Wameru huuita Kirimara. Katika imani ya jadi ya Wakikuyu, huko juu ndiko anakopumzika Ngai, ambaye pia huitwa Mwene Nyaga, yaani mwenye ule mng'ao. Wazee walipoomba mvua au kuomba amani, waligeuza nyuso zao kuelekea mlimani. Wapo wanaofanya hivyo hata sasa, na hata Mkristo wa Nyeri anayekwenda kanisani kila Jumapili hapendi kusikia mlima huo ukitajwa kwa dharau.

Heshima hiyo haiishii mlimani. Mti wa mugumo nao una hadhi yake. Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alisimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Baadaye alieleza kwamba katazo hilo lilihifadhi udongo na chemchemi. Mama huyo hakuwa amesomea mazingira, lakini alijua kilichohitaji kulindwa.

Kwa hiyo ukiona mugumo mkubwa umeachwa peke yake katikati ya shamba la mahindi, usichonge jina lako wala la mpenzi wako kwenye gome lake. Uliza kwanza. Huenda wazee walikutana hapo, na huenda bado wanakutana.

Salamu kwanza, kamera baadaye

Jambo la kwanza kwa msafiri ni salamu. Katika Nyeri sema "Wimwega?" nawe utajibiwa "Ndi mwega." Ukivuka hadi Meru, sema "Muga." Usiseme kwamba wote hao ni Wakikuyu. Mmeru hapendi kuitwa Mkikuyu, na Muembu ana jina lake. Kabla ya kufungua mdomo, jua uko kwa nani.

Bibi mzee mwite "cucu," na babu mwite "guka." Lakini angalia usimwite cucu mama wa miaka 45 anayeuza viazi, maana bei itapanda hapo hapo! Huyo mwite mama.

Soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika nchi yetu, na si ajabu wageni hupenda kulipiga picha. Basi fahamu kwamba yule mama aliyeinama juu ya njahi na ndizi zake hakuja kupigwa picha. Amekuja kutafuta karo. Msalimie, nunua kitu, halafu umwombe. Akikataa, rudisha simu mfukoni bila kununa. Kupatana bei ni desturi, lakini kukaza kamba kwa ajili ya shilingi 10 ilhali umelipa maelfu hotelini ni aibu.

Huko Nanyuki, penye alama ya ikweta, utakutana na vijana wenye beseni la maji watakaokuonyesha jinsi maji yanavyozunguka upande mmoja kaskazini mwa mstari na upande mwingine kusini. Wataalamu wanasema beseni ni dogo mno kuijua ikweta. Maji hufuata namna yalivyomiminwa. Hata hivyo, huo ni mchezo, na mchezaji hulipwa. Patana naye kabla hajaanza, ukimaliza mlipe. Watoto wako utawaeleza ukweli mkiwa garini.

Makaburi yanayosema

Mjini Nyeri, katika uwanja wa kanisa la Anglikana la St Peter's, amezikwa Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki Januari 8, 1941. Juu ya kaburi lake kuna ile alama ya skauti ya duara na nukta, maana yake "nimekwenda nyumbani." Skauti wa nchi nyingi huja hapo kutoa heshima. Karibu naye yuko Jim Corbett, mwindaji wa chui na simbamarara wa India, aliyefariki mwaka 1955.

Lakini msafiri mwema asiishie hapo. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu, katika wilaya hiyo hiyo ya Nyeri. Alikamatwa Oktoba 21, 1956, akahukumiwa mjini Nyeri, akanyongwa Kamiti Februari 18, 1957 na kuzikwa gerezani. Jamaa zake hawakupewa mwili. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi kuonyeshwa kaburi la mumewe. Alifariki Mei 2023 bila kuonyeshwa.

Mgeni mwenye kulijua hilo atatembea Nyeri kwa adabu nyingine. Wapo wazee walio hai ambao wakiwa watoto walihamishiwa katika vijiji vya hali ya hatari vilivyozungushiwa seng'enge, na ambao mama zao walilazimishwa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu. Wapo waliokuwa upande wa msituni, na wapo ambao baba zao walikuwa walinzi wa serikali ya mkoloni, na leo mashamba yao yanapakana. Usimwulize mzee, mbele ya watu, "Je, wewe ulikuwa Mau Mau?" Kaa naye, kunywa chai. Akitaka kusimulia, atasimulia. Asipotaka, mshukuru kwa chai.

Mlimani hakuna mjanja

Sasa tuwageukie wapandaji. Mwenye gari anaweza kuamka Nairobi na jioni akalala katika kituo cha Met Station juu ya Naro Moru, mita 3,050 kutoka usawa wa bahari. Kesho yake wengi hukimbilia kambi ya Mackinder, mita 4,200. Madaktari hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, asiongeze zaidi ya mita 500 hivi kila usiku anapolala. Hapo kwa siku moja ameruka zaidi ya 1,000. Kichwa kikiuma na kutapika kukianza, usipande tena. Ukiona mwenzako anahema hata akiwa amekaa, anapepesuka au anasema maneno yasiyoeleweka, mteremshe mara moja, hata kama ni usiku. Kumngojea apate nafuu ni kumngojea afe.

Usipande bila kiongozi. Hata Mackinder hakuthubutu. Na mpagazi wako umwangalie kama mtu. Baridi ya mlimani haichagui. Kabla ya kuondoka langoni, angalia kama ana viatu madhubuti, koti la mvua, boshori na blanketi. Hakikisha mzigo wake umepimwa, na mshahara wake umetajwa waziwazi. Yeye naye akiumwa kichwa, ateremshwe kama ambavyo ungeteremshwa wewe.

Taka zako rudi nazo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na tangu Juni 5, 2020 plastiki za kutumia mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga na misitu ya hifadhi. Na moto uogope kama chui. Machi 2012 sehemu kubwa ya majani makavu ya juu ya msitu wa Mlima Kenya iliteketea. Machi 2021 moto mwingine, uliozuka wakati askari wa Uingereza walipokuwa wakifanya mazoezi, uliteketeza zaidi ya ekari 10,000 huko Lolldaiga, karibu na Nanyuki. Wageni hurudi kwao. Moshi na majivu huachiwa wenyeji. Mito inayotoka mlimani hunywesha watu na mifugo ya mbali sana, hadi bondeni mwa Tana. Anayechoma msitu wa Kirinyaga anamnyang'anya maji mtu wa Garissa asiyemjua.

Wakikuyu husema mgeni ni mto, yaani hupita tu. Ni kweli, lakini mto nao hauachi ukingo kama ulivyoukuta. Upo unaoacha rutuba, na upo unaobomoa daraja. Basi, msomaji, unapofunga mizigo ya likizo, tia na nafasi ya adabu. Haina uzito, wala haitozwi nauli.