Upepo wa safarini: Yalinde macho na masikio unapopanda vespa, pikipiki au gari la wazi

Safari ya kutoka Mjini hadi Jambiani ni ya karibu kilomita 55. Unapita Tunguu, unaingia kwenye kivuli cha msitu wa Jozani, unaipita Kitogani na kutokea Paje, ambako bahari inakupokea kwa rangi zake. Ukiwa juu ya vespa, pikipiki au gari lisilo na paa, joto lote unalisahau kwa sababu ya upepo.

Lakini ukishashuka, jiangalie. Macho yamekuwa mekundu na yanakuwasha kama yana mchanga. Masikio yanavuma, na mtu akikusemesha unamwambia arudie. Unaoga, unalala, asubuhi hali imetulia. Kwa kuwa imetulia, unadhani hakuna kilichoharibika.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Jicho likiumizwa hulalamika siku hiyo hiyo, na mara nyingi hutibika. Sikio huvumilia kimya kwa miaka, na siku linapoanza kulalamika, kilichopotea hakirudi. Kwa dereva wa bodaboda, mfanyakazi wa hoteli anayesafiri kila siku na mgeni aliyekodi gari la wazi, viungo hivi viwili ndivyo vinavyomfikisha salama.

Upepo unalifanya nini jicho

Sehemu ya mbele ya jicho hufunikwa na utando mwembamba wa machozi. Kazi yake ni kulilainisha jicho, kuliosha na kulikinga na vijidudu. Kila unapopepesa, kope husambaza machozi hayo upya. Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 kwa dakika, lakini anayekazia macho barabara hupepesa mara chache zaidi. Ongeza upepo wa kilomita 60 kwa saa usoni, na utando ule hukauka kabla ya kope kurudi.

Jicho likikauka huwasha, na mwili hujibu kwa kumwaga machozi mengi ya ghafla. Ndiyo maana mtu hulia juu ya pikipiki, kisha akaambiwa ana macho ya maji, kumbe chanzo ni ukavu. Machozi hayo huleta ukungu machoni, na sekunde moja ya ukungu inatosha kutomuona mtoto anayevuka barabara.

Upepo pia hubeba vitu. Upande wa kusini wa Unguja ardhi ni ya mawe ya matumbawe, na njia nyingi za kuingilia vijijini hutoa vumbi jeupe lenye punje ngumu. Jioni kuna wadudu wanaofuata taa. Punje ndogo ikikugonga kwa mwendo huo inaweza kukwaruza kioo cha jicho, na mkwaruzo ni mlango wa vijidudu. Ukisababishwa na jani, kijiti au kuti la mnazi, hatari ni kubwa zaidi, kwani vitu vya mimea huweza kuingiza fangasi, na kidonda cha fangasi jichoni ni kigumu kutibu.

Jua la pwani na kinyama cha jicho

Zanzibar iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, hivyo mionzi ya urujuanimno ya jua ni mikali karibu mwaka mzima. Pwani mionzi hiyo haitoki juu peke yake. Mchanga mkavu wa ufukweni hurudisha takriban asilimia 15 yake, na povu la bahari takriban asilimia 25. Kofia yenye ukingo haizuii mwanga unaotoka chini. Kinamama wanaolima mwani Jambiani na Paje wanalijua hili vizuri, kwa sababu hushinda wameinama juu ya maji yanayometameta.

Jua, upepo na vumbi vikikutana kwa miaka mingi, kwenye kona ya jicho upande wa pua huanza kuota kinyama cheupe au chekundu. Kinyama hiki sicho mtoto wa jicho, ingawa wengi huvichanganya. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi, na mionzi hiyo hiyo ya jua ni moja ya vichocheo vyake. Kinyama huota juu ya jicho na kutambaa taratibu kuelekea kwenye mboni. Kikiifikia, uoni hupungua na huhitaji upasuaji. Hata baada ya kukatwa kinaweza kuota tena, hasa kama mtu anarudi kwenye jua na upepo bila kinga.

Angalia pia saa za safari yako. Anayeishi Mjini na kufanya kazi Paje au Jambiani hupigwa na jua usoni asubuhi akielekea mashariki, na hupigwa tena jioni akirudi magharibi. Mwenzake wa Jambiani anayefanya kazi Mjini jua humfuata mgongoni safari zote mbili. Kama wewe ni wa kundi la kwanza, miwani ni sehemu ya usalama wako barabarani.

Sikio halilalamiki mapema

Ndani kabisa ya sikio mna kifuko kilichojiviringa kama kombe la konokono. Humo mna seli takriban 15,000 zenye vinywele vidogo mno, ambazo hugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Kelele kubwa huzichosha seli hizo. Zikipumzishwa, nyingine hupata nafuu. Zikichoshwa kila siku hufa, na kwa binadamu seli hizi haziotei tena.

Zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba. Mtu anaendelea kusikia ngurumo, injini na sauti nzito za wanaume, lakini sauti za watoto na za wanawake zinaanza kumpotea, pamoja na herufi kama s, f na sh. Barazani anasikia kuwa watu wanazungumza, ila maneno hayapati. Nyumbani anaambiwa hasikilizi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kelele ni moja ya sababu zinazozuilika.

Wengi hudhani kelele za pikipiki ni za injini tu. Kwa mwendo wa kasi, upepo unaozunguka helmeti hupiga kelele kuliko injini. Vipimo vilivyochukuliwa masikioni mwa waendesha pikipiki Ulaya vilionesha takriban desibeli 90 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na karibu 100 kwa mwendo wa barabara kuu. Helmeti ya kawaida inalinda fuvu, lakini haizuii kelele hizo ipasavyo.

Gari la wazi nalo halijasalimika. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliopima magari ya kufunua paa, ulionesha kuwa ukipita kilomita 88 kwa saa paa likiwa wazi, kelele zinaweza kuvuka kiwango salama, hasa redio ikiwa imewashwa.

Hesabu ya safari moja

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni rahisi. Desibeli 85 unaweza kuzivumilia kwa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2, desibeli 94 ni saa 1, na desibeli 100 ni dakika 15 tu.

Sasa fanya hesabu yako. Kwenda Mjini kutoka Jambiani kwa pikipiki ni zaidi kidogo ya saa moja, na kurudi ni vivyo hivyo. Kama masikioni mwako mna desibeli 91, safari hiyo moja imemaliza fungu lako la siku nzima. Kijana wa bodaboda anayekwenda na kurudi mara mbili amekopa, na deni hilo linalipwa na sikio. Aliyeondoa sailensa ili chombo chake kisikike kijiji kizima amekopa zaidi, na amemkopea pia abiria wake.

Kinga ya macho

Vaa helmeti yenye kioo cha mbele na ukiteremshe. Kikiwa kimejaa michirizi kibadilishe, kwa sababu usiku taa za magari yanayokuja husambaa kwenye michirizi hiyo na kukupofua.

Kama helmeti yako haina kioo, vaa miwani inayokumbatia uso hadi pembeni. Ya jua iwe na alama ya UV400. Usinunue kwa kuangalia weusi tu: kioo cheusi kisichozuia mionzi huifanya mboni ipanuke, na mionzi ikapata njia pana zaidi ya kuingia.

Asiyeweza kununua miwani hiyo anaweza kutumia miwani myeupe ya plastiki ngumu wanayovaa mafundi wa kukata mbao, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ile iliyotengenezwa kwa polikaboneti huzuia vumbi na sehemu kubwa ya mionzi, na unaweza kuivaa hata usiku. Miwani ya giza ivue jua linapozama.

Mwenye macho makavu anaweza kupata machozi ya bandia kwenye duka la dawa kwa ushauri wa mfamasia. Usitumie dawa ya macho iliyobaki nyumbani au uliyopewa na jirani. Baadhi zina steroidi, ambayo huondoa wekundu huku ikikuza fangasi au kupandisha shinikizo la jicho bila wewe kujua.

Kinga ya masikio

Dawa ya kwanza ni mwendo. Kelele za upepo hupanda haraka kuliko kasi yenyewe. Pale Jozani yamewekwa matuta barabarani ili kima punju wasigongwe. Ukipunguza mwendo hapo, sikiliza jinsi kelele zinavyoshuka. Kilomita 10 ukizipunguza safari nzima, unachelewa dakika chache tu.

Ya pili ni vizibo vya masikio vya sifongo laini. Nawa mikono, kisokote kizibo kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie mpaka kitanuke. Vingi vinatumika mara chache tu, hivyo kikichafuka kitupe. Pamba ya kawaida na vipande vya nguo havizuii kelele kiasi cha kukulinda.

Utauliza: honi nitaisikiaje? Kizibo hupunguza sauti zote, pamoja na ule mvumo wa upepo unaozimeza nyingine. Wengi waliozoea huona kuwa honi inatambulika vizuri zaidi. Vijaribu kwanza kwa mwendo mdogo kwenye njia tulivu, na vioo vya pembeni endelea kuviangalia kama kawaida.

Kitu usichofanye ni kuweka visikilizio vya muziki masikioni ili kuufunika upepo. Ili uusikie muziki utalazimika kuupandisha juu ya desibeli za upepo, na hapo umelipiga sikio mara mbili, tena honi huisikii kweli. Kwenye gari la wazi, pandisha vioo vya milango, punguza redio na ukifika barabara ya mwendo funga paa. Kwenye daladala, usikae sikio likiwa ubavuni mwa spika.

Upo pia usemi kwamba upepo ukiingia sikioni huleta usaha. Usaha huletwa na maambukizi, mara nyingi baada ya mafua, na huhitaji matibabu. Usitie mafuta wala maji ya majani.

Mtoto wa mbele

Ni jambo la kawaida kumuona mtoto amesimama mbele kwenye vespa akipelekwa skuli au chuoni. Upepo, vumbi na wadudu vinaanza kwake kabla ya kumfika mzazi, na lenzi ya jicho la mtoto hupitisha mionzi mingi kuliko ya mtu mzima. Pia chombo kikisimama ghafla, wa kwanza kurushwa ni yeye. Kama hana helmeti ya kipimo chake na kitu cha kumkinga macho, mtafutie usafiri mwingine, hata kama ni kusubiri daladala.

Lini umuone mtabibu

Kitu kikiingia jichoni, egesha chombo kwanza. Usisugue. Osha kwa maji safi yanayotiririka huku ukipepesa. Ikiwa ni saruji au chokaa, osha mfululizo kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kwenda kituoni. Kitu kilichochoma jicho usikichomoe. Lifunike bila kulibana na uende hospitali. Usitie maziwa ya mama, asali wala maji ya mti.

Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiwa na maumivu makali, uoni uliopungua, doa jeupe kwenye kioo cha jicho, au jicho lisilovumilia mwanga. Kwa masikio, nenda ikiwa mvumo umezidi siku mbili, au sikio limeziba ghafla bila sababu. Kiziwi cha ghafla ni dharura ya siku hizo za mwanzo, usisubiri wiki. Kituo cha kijijini au Hospitali ya Makunduchi watakuelekeza kwenye kliniki za macho na masikio za Mnazi Mmoja pale inapohitajika.

Mpenzi msomaji, kabla ya kuwasha chombo una mazoea ya kuangalia mafuta, taa na matairi. Ongeza mawili: kitu cha kukinga macho na vizibo viwili mfukoni. Tairi likiisha utanunua jingine. Sikio halina duka.